Sinema Mbaya Niliyoipenda Garissa

Nianze kwa kukiri: naipenda Bright. Najua wahakiki waliirarua. Netflix walipoitoa tarehe 22 Desemba 2017, David Ehrlich wa Marekani aliiita sinema mbaya kuliko zote za mwaka huo, na wenzake wengi hawakumwacha mbali. Mimi nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa hapa Garissa, usiku wa joto, kwenye laptopu ya binamu yangu, na abti alikuwa amekaa nyuma yetu na kikombe chake cha chai ya maziwa. Abti ni mjomba kwa Kisomali. Huyu wangu alikuwa askari polisi mpaka alipostaafu.

Kwa ambaye hajaiona: ni Los Angeles ambamo binadamu wanaishi pamoja na viumbe wa hadithi. Will Smith ni Daryl Ward, polisi. Mwenzake kwenye gari la doria ni Nick Jakoby, anayechezwa na Joel Edgerton, na huyu ni orki wa kwanza kuajiriwa polisi. Maorki wana ngozi ya madoa na meno yaliyochomoza, na wanaishi mitaa ya chini. Miaka 2,000 iliyopita mababu zao walipigana upande wa Bwana wa Giza, na mpaka leo hawajasamehewa. Usiku mmoja Ward na Jakoby wanaokota fimbo ya uchawi ambayo kila genge linaitaka, hata polisi wenzao. Basi ni risasi na mbio hadi kuche.

Wahakiki walilalamika kwamba huo ni ubaguzi wa Marekani uliovishwa meno ya bandia, tena bila akili nyingi. Ukisema mababu wa wanaobaguliwa walikosa kweli, ni kama unawapa wabaguzi sababu. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini walikuwa wanaipima na Los Angeles. Mimi niliitazama nikiwa Garissa, na huku hiyo habari ya kulipia vita vya mababu tunaijua kwa tarehe.

Tuzihesabu. Mwaka 1926 Waingereza walilifanya eneo letu, wakati huo likiitwa Northern Frontier District, kuwa wilaya iliyofungwa: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kutoka London ilikuta Wasomali wengi wa huku wanataka kujiunga na Somalia. Haikuwa hivyo. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, na Desemba 28, siku 16 tu baadaye, serikali ikatangaza hali ya hatari kwetu. Vita vya shifta vikaendelea mpaka 1967. Vita viliisha, sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa siku bunduki zinanyamaza alifika umri wa miaka 24 bado anaishi chini yake, na bado anaitwa shifta.

Chini ya sheria hizo ndipo nyumba za Bulla Karatasi hapa Garissa zilichomwa Novemba 1980, na ndipo wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Serikali ilisema waliokufa Wagalla ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona idadi inakaribia 1,000.

Sasa, ndani ya Bright kuna kisa kidogo ambacho ni rahisi kukipita. Maorki wana shujaa wao, Jirak, mkulima tu, orki, aliyeunganisha majeshi tisa na kumshinda Bwana wa Giza. Yaani aliyeiokoa dunia alitoka miongoni mwao. Lakini mitaani hilo halimsaidii orki yeyote.

Nilipofika hapo nilimkumbuka Mahmoud Mohamed. Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walitangaza redioni kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Aliyeongoza kikosi kilichoikomboa redio hiyo alikuwa naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kenya. Mwaka uliofuata ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, akawa waziri. Mwaka 1986 jenerali mwenyewe akawa Mkuu wa Majeshi. Na bado, Novemba 1989, akiwa katika cheo hicho hicho, serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wenye umri wa kuchukua kitambulisho wapigwe msasa kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Waliofaulu walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Msomali ndiye mkuu wa majeshi yote ya nchi, na Wasomali wako kwenye foleni wakiulizwa ukoo.

Kuna mahali Ward anamuuliza Jakoby kama yeye ni polisi kwanza au orki kwanza. Hapo abti alisema, "Simamisha kwanza."

Binamu akasimamisha.

"Hilo swali niliulizwa," abti akasema. "Themanini na tisa. Nilikuwa nimevaa sare, wallahi. Nikataja ukoo, nikataja babu, nikaleta mzee wa kunitambua. Jioni nikarudi zamu."

Sikuwahi kusikia hilo. Alivyozoea kusimulia ni upande wa pili: alivyorudi likizo nyumbani na majirani wakamuuliza alikuwa wapi Bulla Karatasi ikiungua. Alikuwa Kisumu, kwenye zamu. Wengine walimwamini, wengine mpaka leo wanamsalimia kwa mbali. Jakoby naye alisugua meno yake ili afanane na binadamu, maorki wakamwona msaliti, na polisi wenzake hawakumpenda zaidi kwa hilo. Kwetu, ukiwa Nairobi wewe ni warya. Ukivuka mpaka kwenda Somalia, ndugu zako wanakuita sijui, kwa sababu ya Kiswahili chako.

Mwisho wa sinema Jakoby anauawa na genge la maorki, anafufuliwa kwa fimbo, na ndipo maorki wanamkubali. Polisi nao wanampa medali. Wahakiki walisema ni mwisho rahisi. Hapo niko nao kabisa. Huku hakuna fimbo. Kuna makaratasi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufuta msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho kaunti za mpakani. Tulishangilia. Abti alisikiliza taarifa yote kimya, kisha akasema kadi yake ya waridi hataitupa bado.

Netflix waliahidi sehemu ya pili ya Bright, kisha wakaiacha. Abti huniuliza mara kwa mara kama imetoka. Nikimwambia hapana, anatikisa kichwa.

"Na yule kijana," anasema, "kesho yake aliporudi kazini, walimpokeaje?"