Bei ya Kuifungua Saa

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Ruwi, Muscat, ni lile lile: "Ami, kwani si ya kuosha tu?" Huuliza kijana aliyerithi saa ya Kiswisi kwa baba yake, baada ya kutajiwa bei ya sevisi na kampuni iliyoitengeneza. Nalichukua kuwa swali la haki. Miaka hii kampuni kubwa za Uswisi hutoza dola 800 hadi 1,000, na pengine zaidi, kwa saa ya kawaida ya mishale mitatu inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Saa ya kupimia mbio huzidi hapo, na yenye kalenda ya kudumu hufika maelfu. Bei hiyo ina historia yake. Muuzaji wa dukani husimulia upande wa ufundi, akauacha upande wa vipuri. Mimi nilikua kwenye meza ya kazi ya marehemu baba yangu, Ndia Kuu, Mombasa, na nataka kuzisimulia pande zote mbili.

Tuanze na kazi yenyewe. Ndani ya saa nyingi za leo kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku mara 28,800 kwa saa moja. Kwa siku hiyo ni michezo 691,200, na kwa mwaka inapita milioni 250. Ncha za ekseli yake zina wembamba unaokaribia unywele, nazo huzunguka ndani ya vijiwe vya yakuti vilivyotiwa tone la mafuta ambalo jicho tupu halilioni. Wako wateja wanaodhani yakuti hizo ndizo zinazopandisha bei. La. Kutoboa yakuti kwa ajili ya saa kulipata hati ya ubunifu London mwaka 1704, kwa Nicolas Fatio de Duillier na ndugu wawili wa ukoo wa Debaufre, na wakati huo vilikuwa vito kweli. Lakini tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto mwaka 1902, vijiwe hivyo ni vya bei rahisi. Kinachogharimu ni mafuta, au tuseme, ni kukauka kwa mafuta. Yakikauka, chuma hula chuma, na ncha ikishalika hairudi.

Kwa hiyo fundi huifungua saa yote. Hulegeza kamani kwanza, maana kamani iliyojaa ikiachiwa ghafla huvunja meno ya magurudumu. Huondoa mishale na uso wa saa, kisha hutoa vipande kimoja kimoja, ambavyo katika saa ya kawaida hupita mia. Huviosha, huvikagua chini ya lensi, hubadilisha kilicholika, hutia mafuta mazito penye mzigo na mepesi penye mbio. Akisharudisha kila kitu huisikiliza kwa mashine inayohesabu mapigo, saa ikiwa imelala, imesimama, imepinduliwa. Hubadilisha mipira ya kuzuia maji, hulipima kasha kwa shinikizo, kisha huiangalia saa kwa siku kadhaa kabla ya kumrudishia mwenyewe. Haya hayafanyiki mteja akiwa amekaa kwenye benchi anangoja.

Zamani kazi hiyo ilihitajika tena upesi zaidi. Mafuta ya saa yaliyosifika Marekani karne ya 19 yalitoka katika taya za pomboo. William Nye, katika mji wa wavuvi wa nyangumi wa New Bedford, Massachusetts, alijijengea jina kwa mafuta hayo, na mafundi wa nchi nyingi waliyatumia. Yalikuwa mepesi na hayakuganda upesi kwa baridi, lakini ni mafuta ya mnyama, na mafuta ya mnyama huharibika. Saa nzuri ilitaka kusafishwa kila baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mafuta ya kutengenezwa maabara, kama ya Moebius, kampuni iliyoanza mwaka 1855, ndiyo yaliyorefusha muda. Leo Omega hushauri sevisi kila miaka 5 hadi 8, na Rolex husema kama miaka 10. Ukiigawa bili ya leo kwa miaka hiyo, saa ya baba haikulii fedha nyingi kwa mwaka kama inavyoonekana siku ya kulipa. Hilo huwaambia wateja wangu wazi, hata pale ambapo lingenifaa kulinyamazia.

Upande wa vipuri ndio unaoniuma.

Katika karne ya 18 kipuri hakikuwapo. Abraham-Louis Breguet, aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1775, alitengeneza saa zilizokuwa kila moja na vipimo vyake. Ikivunjika ekseli, fundi alikaa akachonga nyingine. Nyumba ya Breguet iliweka madaftari ya saa zilizouzwa na zilizorudi kutengenezwa, na kwa sababu hiyo historia ya saa moja moja yaweza kufuatwa hadi leo. Aliyeweza kumiliki saa ya namna hiyo alikuwa mfalme, jenerali au tajiri, na gharama ya kuitunza ilikuwa sehemu ya ukubwa wake.

Mageuzi yalitoka Marekani. Kiwanda cha Waltham, karibu na Boston, kilitengeneza vipande kwa mashine, vikafanana kiasi kwamba kipande cha saa hii kiliweza kuingia katika saa ile. Waswisi waliyaona hayo kwa macho yao kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Jacques David, mhandisi wa Longines, alirudi nyumbani na ripoti kali: tubadilike, au soko litatuponyoka. Wakabadilika. Vijiji vya milima ya Jura, ambako familia za wakulima zilikuwa zikichonga vipande vya saa wakati wa theluji, vikaingiza mashine. Kufikia katikati ya karne ya 20 mashine ya ndani ya saa ya Kiswisi ilikuwa na namba yake, na kila kipande ndani yake kilikuwa na namba. Waswisi wenyewe walichapisha katalogi za vipuri zenye michoro ya kila aina, wakazipeleka duniani kote.

Baba yangu alikuwa na katalogi ya namna hiyo, kurasa zimelainika kwa kufunuliwa. Mteja akileta saa, baba aliifungua, akalilinganisha umbo la madaraja yake, vile vipande vinavyoshika magurudumu, na michoro, akaandika namba, akaagiza. Kipuri kilikuja kwa posta ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa namba ile ile. Fundi wa Ndia Kuu aliagiza kwa haki ile ile ya fundi wa Paris. Mwalimu, baharia, karani wa bandarini, wote waliweza kuvaa saa ya Kiswisi na kuitunza maisha yao yote. Nalitaja hili kwa sababu vijana hudhani sevisi ya saa nzuri ilikuwa ghali tangu hapo.

Kisha, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko iliuza Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kuwazi, inayotumia betri, Astron, kwa yen 450,000. Ilikuwa ghali mno, lakini miaka michache baadaye saa za betri zilishuka bei hadi zikauzwa vibandani. Uswisi iliumia vibaya. Wafanyakazi wa viwanda vya saa waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970 walibaki kama theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Viwanda viliuza mashine zao kwa kilo kama vyuma chakavu.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Charles Vermot, msimamizi wa karakana ya Zenith mjini Le Locle. Zenith wakati huo ilimilikiwa na kampuni ya redio ya Chicago, na mwaka 1975 wamiliki waliamuru saa za kamani ziachwe na zana zake ziuzwe. Vermot aliandika barua ya kupinga, hakujibiwa. Basi akachukua vile vyuma vya kukatia vipande vya mashine ya saa iitwayo El Primero, vipatavyo 150, pamoja na zana nyingine, akavipandisha darini kwa siri, akavipanga, akavitia alama, na akaandika kila hatua ya kazi. Mwaka 1984 uzalishaji ulipoanza tena, vyote vilikuwepo. Rolex nayo iliitumia mashine hiyo, baada ya kuifanyia mabadiliko, katika saa yake ya Daytona kuanzia 1988 hadi 2000. Mwenye Daytona ya miaka hiyo, akilipia sevisi, ajue kwamba saa yake ipo kwa sababu mfanyakazi mmoja alikataa kutupa zana.

Saa za kamani zilirudi, lakini zilirudi kama vitu vya anasa. Mafundi walikuwa wamekwisha tawanyika. Baba mwenyewe alimaliza siku zake akibadilisha betri na mikanda. Kizazi kizima hakikufundishwa, na hao wachache waliobaki wakawa na thamani. Hiyo ni sababu ya haki ya bei kupanda, wala siilalamikii. Fundi anayeweza kunyoosha nywele ya chuma iliyo katikati ya lile gurudumu dogo amesomea miaka.

Sababu ya pili siikubali. Kampuni nyingi kubwa zilifunga mlango wa vipuri. Hazimuuzii tena fundi wa nje, ila yule ziliyemwidhinisha zenyewe, tena kwa masharti ya mashine na fenicha ambazo duka dogo haliwezi kuzinunua. Mimi niliwahi kuomba ekseli moja kwa kampuni moja, kipande kisichozidi punje ya mtama, nikajibiwa niipeleke saa nzima kwao. Mteja akalipa sevisi kamili, ingawa kwa kipimo changu sehemu nyingine zote za mashine zilikuwa safi.

Mafundi wa Ulaya walilipeleka jambo hili mbele. Shirikisho la vyama vyao, CEAHR, lilifungua malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya mwaka 2004. Tume iliyakataa mwaka 2008. Desemba 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, ikautengua uamuzi huo na jambo likachunguzwa upya. Mwaka 2014 Tume ikakataa tena, na Oktoba 2017 mahakama ikakubaliana nayo. Hoja zilizoshinda zilikuwa ugumu wa saa za anasa, ubora wa kazi, na hofu ya saa bandia.

Hoja hizo zina ukweli ndani yake. Nimefungua saa zilizokwaruzwa na bisibisi isiyo saizi, na nyingine zilizotiwa mafuta ya cherehani. Ni kweli pia kwamba nyumba kama Patek Philippe, inayoahidi kutengeneza saa yoyote iliyotoka kwake tangu 1839, hulazimika kuchonga vipande kwa mkono kama enzi ya Breguet, na kazi hiyo haiwezi kuwa rahisi. Lakini dawa ya fundi mbovu ni mafunzo na mtihani, na Uswisi ilikwisha kuvianzisha: shule ya WOSTEP, Neuchâtel, ipo tangu 1966 na imefundisha mafundi wa mataifa mengi. Kumnyima kipuri mwenye cheti kama hicho hakuilindi saa. Kunalinda bili.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bili, na hapa Oman tunaijua kuliko wengi. Baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, serikali yake ilitoa zawadi za saa za Rolex zilizonunuliwa kupitia duka la Asprey, London, uso wake umechapwa jambia la Oman. Walipewa maofisa, wageni, na watu waliotumikia nchi wakati wa vita vya Dhofar. Jambia lile leo huifanya saa kutafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Sasa mtoto wa aliyezawadiwa huipeleka saa sevisi, na makadirio hurudi: uso umechakaa, tunapendekeza mpya, mishale mipya, kasha lisuguliwe ling'ae. Akitia sahihi, analipia kuifuta historia ya mzee wake. Aliwahi kuja kwangu Mzanzibari mmoja mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi, kalamu ameshaitoa. Nilimsihi aandike kwa herufi kubwa: uso usiguswe, kasha lisisuguliwe. Aliandika, wakamkubalia, na saa ikarudi inakwenda majira na jambia lake mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na saa ya namna hii, usingoje isimame. Ikianza kupoteza dakika, huenda mafuta yamekwisha. Dai makadirio kwa maandishi kabla haijafunguliwa. Kataa kusuguliwa kwa kasha kama hukulitaka mwenyewe. Dai urudishiwe kila kipande cha zamani kilichotolewa, hata kilicholika, na ukikuta fundi wa mtaani aliyesomea na mwenye subira, mpe kazi anayoiweza, maana bila wateja hatafundisha mwanafunzi.