Mac mini

Mac mini ni kompyuta ndogo ya mezani inayotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani. Ilitangazwa na Steve Jobs mnamo Januari 2005 kwa bei ya kuanzia dola 499. Huuzwa bila skrini, kibodi wala kipanya. Mnunuzi hutumia alivyo navyo.

Miaka ya mashaka

Toleo la Oktoba 2014 liliwavunja moyo watumiaji wengi. RAM yake ililehemiwa kwenye bodi kuu, hivyo haikuweza kuongezwa baadaye, na prosesa ya viini vinne iliyopatikana katika toleo la 2012 iliondolewa. Kwa miaka minne Apple iliendelea kuuza toleo hilohilo, na wengi walibashiri kwamba Mac mini ingeachwa kabisa. Mwaka 2017 mkurugenzi mkuu Tim Cook alimjibu mteja kwamba kompyuta hiyo bado ilikuwa na nafasi muhimu katika mipango ya kampuni. Toleo jipya lilitangazwa tarehe 30 Oktoba 2018.

Hatima ya matoleo ya zamani

Mwaka 2020 Apple ilianza kutumia chipu zake yenyewe katika Mac mini badala ya zile za Intel. Toleo la 2014 linaishia kwenye mfumo wa uendeshaji wa macOS Monterey (2021), na la 2018 kwenye Sequoia (2024). Kompyuta hizo huendelea kufanya kazi, lakini baada ya muda hukosa masahihisho ya usalama. Zenye prosesa ya Intel zinaweza kuwekewa mfumo huria wa Linux na kutumika kwa miaka zaidi.