Amir Jamal: sahihi ya mbunge wa mji kasoro bahari

Septemba 1965, mpiga kura wa Morogoro, mji kasoro bahari, alipokabidhiwa karatasi alikuta majina mawili, na kila jina lina picha yake: moja jembe, jingine nyumba. Asiyejua kusoma hakupata taabu. Wagombea wote wawili walikuwa wa TANU, kwa sababu chama kilishakuwa kimoja, na kazi ya mwananchi ilikuwa kuchagua mtu. Mmoja wa watu hao wawili alikuwa Amir Habib Jamal, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Calcutta.

Masharti ya kampeni ya mwaka ule leo yanasikika kama hadithi. Wagombea walisafirishwa pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasikilizwa na watu wale wale. Walitakiwa kuzungumza Kiswahili tu. Kutaja rangi, kabila au dini ya mwenzako kulikuwa marufuku, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba yeye ndiye chaguo la Mwalimu Nyerere. Wakishamaliza kuvutana mbele ya umati, wanarudi wote kwenye gari na kuelekea mkutano mwingine, magoti yakigusana.

Jamal alishinda. Upande wa pili wa nchi, siku zile zile, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Mwalimu Nyerere alipopanga Baraza jipya, Hazina akampa Jamal. Mwanza ilimnyima kura waziri wake. Morogoro ikampa kura mtoto wa Mwanza, naye akakikalia kiti kilichoachwa wazi.

Safari ya kufika hapo ilianza mbali. Jamal alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya wafanyabiashara wa Kigujarati. Alisoma Mwanza na Dar es Salaam, kisha akavuka bahari kwenda India. Alikuwa huko mwaka 1942, wakati Gandhi na chama cha Congress walipowaambia Waingereza wafungashe virago. Aliporudi Tanganyika aliingia katika biashara ya familia, lakini siasa ilishamwingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafahamiana na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa ametoka masomoni Edinburgh, Julius Nyerere.

Kulikuwa na kikwazo. TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilikuwa chama cha Waafrika peke yao. Jamal angeweza kukiunga mkono, kukisaidia na hata kukitetea, ila kadi asingepewa. Hakununa. Mlango ulipofunguliwa kwa raia wa rangi zote mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia.

Morogoro nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko ya Uluguru. Matuta yalikula nguvu za watu, na wakulima waliona yanaharibu udongo badala ya kuuponya. Julai mwaka huo hasira zililipuka Matombo, na polisi wakafyatua risasi. Baada ya hapo TANU haikuhitaji kubembeleza watu milimani.

Uchaguzi wa 1958 ulikuja na masharti ya kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi ndani ya TANU walitaka kuususia. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ukaamua kushiriki. Nyerere mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki, ambalo boma lake lilikuwa Morogoro, akimkabili Patrick Kunambi, mmoja wa waasisi 17 wa TANU na baadaye kiongozi wa Waluguru. Nyerere akashinda. Mtego wa kura tatu ukageuka ngazi, kwani Waasia na Wazungu walioungwa mkono na TANU nao waliingia Baraza la Kutunga Sheria, Jamal akiwemo. Julai 1959 serikali iliwateua mawaziri watano kutoka kwa wajumbe waliochaguliwa: Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Amir Jamal.

Hata hivyo, viti vile vilikuwa vya kutengewa. Mwasia aliingia bungeni kwa sababu sheria ilitaka Mwasia aingie. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipoletwa, baadhi ya wabunge walitaka uraia uende kwa rangi. Nyerere aliwaka, akatishia kujiuzulu pamoja na serikali yake. Muswada ukapita, lakini sheria humpa mtu pasi tu. Haimlazimishi jirani kumwamini. Ndiyo maana kura za 1965 zina uzito wake. Safari ile hapakuwa na kiti cha Mwasia. Palikuwa na jembe na nyumba, basi.

Juni 14, 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, na shilingi yetu ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki. Noti mpya zilikuwa na sura ya Mwalimu na sahihi mbili: ya Gavana Edwin Mtei na ya Waziri wa Fedha. Mama aliyeshuka na tenga la ndizi kutoka mlimani akauza sokoni Morogoro, alirudi nyumbani na sahihi ya mbunge ndani ya fundo la khanga.

Sahihi ile haikuwa nyepesi. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba: nyumba ya thamani inayozidi shilingi 100,000, ambayo mwenyewe haishi, ikaenda kwa Msajili wa Majumba. Waliopoteza zaidi walikuwa Wahindi. Wengi wakauza kilichobaki, wakaenda Uingereza na Canada. Jamal, aliyekuwa ndani ya serikali iliyotwaa, alibaki. Kwa jamaa zake lazima lilikuwa jambo chungu. Kwake yeye, mtu hawezi kuomba kura za wakulima halafu akawa raia wa siku za neema tu.

Mwisho wa mwaka 1979, nchi ikiwa hoi baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, Mtei, aliyekuwa sasa Waziri wa Fedha badala ya Jamal, alijiuzulu kwa kutokubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Aliyerudishwa Hazina ni Jamal. Mwaka uliofuata mbunge huyu wa mji usio na bahari akawa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa magavana wa IMF na Benki ya Dunia, Washington, huku mataifa yakivutana kama Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO) kikubaliwe kuwa mtazamaji. Nyumbani nchi yake ilikuwa imekwaruzana na chombo kile kile alichokiongozea kikao. Pia alikuwa mjumbe wa Tume ya Willy Brandt iliyochunguza pengo kati ya nchi tajiri na maskini.

Pengo hilo aliweza kulitazama Morogoro kwenyewe. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, bila njia za kupitisha hewa, kana kwamba jua la Morogoro ni la Ulaya. Hakikuwahi kuukaribia uwezo wake.

Mji huo huo, hata hivyo, ulikuwa na diplomasia yake. ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake wa mashauriano Morogoro mwaka 1969, na kuanzia 1977 Mazimbu, kwenye shamba la zamani la katani, ikajengwa shule ya Solomon Mahlangu. Mbunge wa hapa hakuhitaji kufundishwa mambo ya nje.

Baada ya kuondoka Baraza la Mawaziri, Jamal alikwenda Geneva kuiwakilisha Tanzania katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Mji huo huo ukawa makao ya sekretarieti ya Tume ya Kusini, iliyoongozwa na Nyerere hadi ilipotoa ripoti yake mwaka 1990. Marafiki wa miaka ya 1950 walikuwa bado kwenye hoja ile ile: mnyonge naye awe na neno kwenye meza ya wenye nguvu. Jamal alifariki Vancouver, Canada, Machi 1995, akiwa na miaka 73.

Noti zenye sahihi yake leo utazikuta kwa wakusanyaji. Karatasi za kura za 1965 huenda hata hao hawanazo. Lakini bila alama iliyotiwa kwenye karatasi ile, na mikono ambayo mingine haikujua kuandika jina lake yenyewe, sahihi ya Jamal isingefika kwenye noti.