Dola Moja Ilikuwa Ngapi? Safari ya Shilingi ya Kenya Kutoka 7 Hadi 160

Kila dola ikipanda, kuna mzae mtaani lazima akuambie enzi zake dola ilikuwa shilingi saba. Usimcheke, hakudanganyi. Hii hapa safari yote, mwaka kwa mwaka, ndio next time story ikianza kwa base ukuwe na rada.

Kwanza shika hii: namba ikipanda, shilingi imeshuka. Ukiskia "shilingi imefika 160", hiyo si sifa, ni ngori.

1966 hadi 1980: Enzi za saba

Kabla ya 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zinatumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ikatoa yake, na Benki Kuu ya Kenya (CBK) ikaleta ya kwetu Septemba. Zote tatu zilianza sawa kwa sawa, na dola moja ilikuwa 7.14.

Lakini hiyo bei haikuwa ya soko. Serikali ndio ilikuwa inaipanga, na ilikuwa inaweza kukaa hapo miaka. Ndio maana hata 1980 dola bado ilikuwa inacheza 7 na senti.

1981 hadi 1990: Kuteremka mosmos

Mafuta ilikuwa imepanda duniani na kahawa haikuwa inaingiza doh kama zamani. Serikali ikaanza kupunguza thamani ya shilingi yenyewe. 1983 dola ilikuwa kama 13. Kufika 1990, kama 23.

1993: Mwaka wa moto

Hapa ndio wasee walichomeka. Mwisho wa 1991 wafadhili walifunga mfereji wa misaada wakitaka serikali ya Moi ibadilike. 1992 ikawa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na pesa mob ikamwagwa sokoni. Juu ya hiyo kukawa na sakata ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya umma yalilipwa kwa dhahabu na almasi za kwa karatasi tu.

Matokeo? Wastani wa dola ulitoka 32 mwaka wa 1992 hadi 58 mwaka wa 1993, na mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Mshahara wako haukuguswa, lakini nguvu yake ilienda. Oktoba 1993 shilingi ikaachiliwa soko liamue bei. Mwisho wa 1994 ilikuwa imepona hadi kama 45.

2000 hadi 2012: Kupanda, kushuka, kuruka

2000 dola ilikuwa 76. 2007, uchumi ukiwa unashika, ilishuka hadi wastani wa 67. Alafu Oktoba 2011 ikaruka hadi 107. CBK ikatoa dawa chungu: riba yake ya msingi ikatoka asilimia 7 Septemba hadi 18 Desemba. Shilingi ikarudi kwa 80 na kitu, lakini kama ulikuwa na loan ya benki, ulilia.

2022 hadi 2024: 160 na kurudi

Marekani ilipopandisha riba, dola ikaanza kukimbilia kwao. Huku kwetu kulikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililofaa kulipwa Juni 2024, na watu walikuwa wanaogopa hatutaliweza. Dola ikamaliza 2022 ikiwa 123, na Januari 2024 ikagonga 160.

Februari serikali ikakopa Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, pia ikauza bondi ya ndani yenye riba ya zaidi ya asilimia 18. Uoga ukaisha, dola ikarudi kama 130 ndani ya wiki chache. Lakini elewa: deni halikuisha, lilisukumwa mbele.

Dola 100 zingekupea ngapi?

- 1966: 714
- 1990: kama 2,300
- 1993 (wastani): 5,800
- 2000: 7,600
- 2007 (wastani): 6,700
- Oktoba 2011: 10,700
- Januari 2024: 16,000
- Mwisho wa 2024: 12,900

Wewe inakuhusu aje?

Kama unalipwa na dola kwa kazi za mtandaoni, ama kuna auntie majuu anakutumia, shilingi ikishuka unaomoka. Ikipata nguvu, unaumia. Msee wa dola 200 kwa mwezi alikuwa anapata 32,000 Januari 2024. Miezi michache baadaye, kazi ni ile ile, inaingia 26,000. Hiyo 6,000 ni rent ya bedsitter mahali.

Kama unalipwa na shilingi, ni kinyume. Mafuta, ngano na simu zinanunuliwa na dola, na hata bill ya stima iko na kipengele cha kubadilika kwa fedha za kigeni. Dola ikipanda, fare ya mathree nayo inafuata.

Kwa hivyo usipange maisha yako ukidhani bei ya leo itakaa. Na kabla ubadilishe dola zako, cheki bei ya siku kwa CBK, alafu linganisha na ya benki ama app yako. Ile tofauti katikati ndio wanakula.