Majina ya Mitaa na Kumbukumbu za Jiji: Kariakoo na Gerezani za Utotoni Mwangu



Mlionialika bila shaka mlitarajia nizungumzie sarufi, kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Naomba radhi. Leo nitazungumzia mitaa michache ya Dar es Salaam nilikokulia mwishoni mwa miaka ya 1960, na maneno niliyoyakuta huko. Hoja yangu ni moja: majina na msamiati wa mitaa ya zamani ni hati za historia ya watu ambao aghalabu hawakuandikiwa hati nyingine, na hati hizo husomeka maadamu yupo anayeijua maana yake.

Mzee wa barazani

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Uani palikuwa na jiko na choo, na mbele palikuwa na baraza. Kila alasiri alikaa hapo mpangaji mmoja mzee akidarizi kofia. Hakuwa ndugu yetu kwa damu, lakini kwa desturi za nyumba ile sote tulimwita Babu.

Sisi watoto tuliamini kwamba mtaa wetu ulipewa jina hilo kwa sababu hapo zamani palikuwa na zizi. Siku moja nilimwuliza, "Babu, hao ng'ombe walikuwa wakifungwa wapi?" Akaiweka sindano chini. "Mjukuu wangu, huko hapakuwa na ng'ombe. Kulikuwa na watu wamebeba mizigo." Kisha akaendelea na kofia yake. Sikumwuliza huko alikokusudia ni wapi.

Jibu nililipata maktabani, mzee akiwa amekwisha kufariki. Narung'ombe ni mahali katika bara ya Kilwa ambapo majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana mwezi Julai 1917. Tandamti ni kilima katika bara ya Lindi kilichopiganiwa Agosti mwaka huohuo, na Mahiwa, pia katika bara ya Lindi, pakapiganwa vita vikali mwezi Oktoba. Hayo ni majina matatu ya vita vya mwaka mmoja, na Kariakoo tulikuwa na Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamti na Mtaa wa Mahiwa. Mtoto aliyetumwa dukani alivuka ramani nzima ya vita ile asijue.

Jina la Kariakoo lenyewe ni la vita hivyohivyo. Wajerumani walikuwa wamepanga mwaka 1914 kuwahamishia Waafrika katika eneo hilo, magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, lakini vita vikawakatiza. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, walilifanya eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza *Carrier Corps*. Tazameni jinsi jina lilivyoingia katika lugha yetu. Katika neno *corps* Mwingereza hatamki *p* wala *s*, na wengi wao huimeza *r* iliyobaki. Kinachosikika ni irabu ndefu tu. Basi Kiswahili kikaandika *koo*. Hilo ni jina lililopokewa kwa sikio, na wapokeaji wake ni watu walioamrishwa kwa sauti, si kwa maandishi.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya mji sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki. Wapagazi hutajwa katika maandishi ya chini ya sanamu ile, lakini aliyesimamishwa juu ni askari. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa kuliko zote katika jiji hili ni jina la soko.

King'ora cha Gerezani

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo siku za shule niliishi Gerezani, katika kota. Mwanafunzi wa fonolojia ataona mara moja kuwa kota ni *quarters* iliyovuliwa konsonanti zake za mwisho. Kuhusu gereza, wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Hivyo neno la mahali pa ibada likawa neno la mahali pa kifungo, kisha likawa jina la mahali watoto walipocheza gololi.

Asubuhi king'ora cha karakana kilikuwa saa yetu. Mama hakusema saa moja imefika, bali alisema, "King'ora kimelia, na wewe hujanawa uso." Wanaume waligawanyika mbele ya macho yetu kwa maneno: huyu ana ajira, yule ni kibarua. Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, naye jioni akakirudisha ili apate ujira wake. Hatimaye karatasi ikampa jina aliyeishika. Vibarua wa namna hiyo walikuwa wengi bandarini, na mgomo wa bandari wa Septemba 1947 ulipoanza hapa ulienea hadi majimboni. Neno kiwanda nalo lilikuwa la fundi mmoja mmoja: mahali seremala au mwashi alipofanyia kazi yake. Chang'ombe na barabara ya Pugu zilipojaa mitambo, hatukutafuta neno jipya. Tulilikuza lile la fundi. Ukienda Keko leo utakuta mafundi seremala kando ya barabara, na kiwanda katika maana yake ya kwanza bado ni hai.

Neno linapobaki peke yake

Jiji hili limebadilika, nami sisemi kwamba lilipaswa kubaki lilivyokuwa. Kuta za fito na udongo zilivuja, choo kimoja kilihudumia familia sita, na mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ulikuwa mgawanyo wa watu kwa rangi zao. Ni vema umekwisha. Lakini angalieni: Uswahilini halikufa. Lilikuwa jina la rangi, sasa ni jina la kipato.

Nyumba ya Kariakoo ilianza kubadilika kwa fremu. Mwenye nyumba alitoboa ukuta wa chumba cha mbele, akatia fremu ya mlango uelekeao barabarani, akakipangisha kama duka. Leo mfanyabiashara anaposema analipa kodi ya fremu, ninavyoelewa mimi anautaja mlango ule wa kwanza. Baraza likakatwa ili wateja wapite. Kisha nyumba nzima ikavunjwa, ghorofa zikapanda. Neno baraza limepanda nalo: tunalo Baraza la Mawaziri na Baraza la Kiswahili, lakini kijana wa Kariakoo hana kibaraza cha kukalia na babu yake.

Pengine jina hubaki na kitu hakipo. Tabata pana mahali paitwapo Dampo, na dampo lilikwisha kufungwa. Ubungo Maziwa ni jina lililoachwa na kiwanda cha maziwa. Abiria anayeshuka Urafiki huenda asijue kwamba jina hilo ni la kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja ya maduka iliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Wengi wao walikuwa wachuuzi, wateja na vibarua. Nilipoisikia habari ile nilimkumbuka mzee wa barazani. Mahali paliitwa kwa jina la waliobeba mizigo, na hadi leo wanaokufa hapo ni wanaobeba mizigo.

Kinasasauti ambacho sikukiwasha

Nina ungamo. Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilipita nyumbani kwa bibi nikiwa na kinasasauti begani. Nilikuwa naelekea kijijini kukusanya data za vitenzi. Nilifundishwa kuwa lugha halisi iko shambani, mbali na mji uliochanganya maneno. Bibi alinipa chai, akaanza kunisimulia habari za yule mpangaji wake mzee: alikotoka, na kwa nini hakupenda mvua. Nilitazama saa. Basi la kwenda kijijini lilikuwa linaondoka. Nilimwambia, "Bibi, nitarudi." Alifariki mwaka uliofuata. Vitenzi vyangu vilinipatia shahada. Kisa cha mvua sikijui hadi leo.

Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kilichoteuliwa mwaka 1928, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Ni kazi ninazoziheshimu. Lakini kamusi haiwezi kumweleza mtoto kwa nini mtaa wake unaitwa Narung'ombe. Hilo ni jukumu letu, nalo halihitaji ruzuku kubwa. Kila mwanafunzi aliyemo ukumbini humu achague mtaa mmoja na mzee mmoja. Amwulize jina lilitoka wapi, palikuwa na nini, na ni nani waliofanya kazi hapo. Aandike maneno kama yalivyotamkwa, pamoja na mwaka, mahali na ruhusa ya msemaji. Na mzee akisema jambo ambalo halimo katika dodoso lenu, acheni basi liondoke.