Iramba haikupungukiwa watu: grafu, mipaka na programu tunazochagua

Chukua sensa mbili, ya 2002 na ya 2012, uchore mstari wa idadi ya watu wa Wilaya ya Iramba. Mstari utaporomoka. Mtu asiyeijua Singida atauliza: jamani, watu wamekwenda wapi? Njaa? Ugonjwa?

Kumbe hakuna aliyehama. Mwaka 2012 Iramba iligawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Mkalama yenye makao makuu Nduguti. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 236,282 Iramba na 188,733 Mkalama. Jumlisha upate 425,015. Iramba ya zamani ilikuwa imeongezeka watu.

Sasa fikiria ile grafu ya kwanza iko mezani kwa mtu anayegawa dawa au kupanga madarasa. Ndiyo maana swali la "nichoree kwa programu gani?" lina uzito kuliko uzuri wa rangi.

Tatizo la mipaka kuficha watu si la leo. Mwaka 1936 Clement Gillman, mhandisi aliyekuja nchini 1905 kujenga Reli ya Kati enzi za Wajerumani, alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika katika jarida la Geographical Review la New York. Angeweza kuchukua wastani wa kila wilaya na kuipaka rangi moja. Yeye akachagua nukta, akaziweka pale watu walipoishi. Wastani ungetandaza watu sawasawa kama unga wa chapati. Nukta zilionyesha walivyosongamana penye maji ya uhakika, na nyika kavu zilivyobaki tupu. Ila kazi ya wino ina gharama yake: ukitaka kurekebisha, unachora upya.

Kompyuta iliondoa adha hiyo, lakini kila programu ilizaliwa na shida ya mtu fulani, na bado inabeba alama ya shida hiyo.

Excel ilitoka 1985, na asili yake ni hesabu za ofisini. Kwa grafu ya haraka, haina mpinzani. Udhaifu wake ni kwamba ukijumlisha Iramba na Mkalama, ukanakili jibu na kulibandika kwenye seli nyingine, hatua uliyopita haionekani tena. Anayepokea faili lako anaona namba tu.

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walihitaji programu ya kufundishia takwimu, na 1995 wakaiachia huru kwa kila mtu. Matplotlib, inayotumika ndani ya Python, ilitolewa 2003 na John Hunter, mtafiti aliyekuwa akichambua mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa. Zote mbili unaziandikia amri, na amri hubaki. Mstari unaosema "jumlisha Iramba na Mkalama kuanzia 2012" utasomwa na yeyote atakayefungua faili. Kero yake ni wiki chache za mwanzo, maana koma moja ikikosekana kila kitu kinagoma.

Kwa ramani ipo QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman 2002. Ni ya bure. Unaweza kuweka mpaka wa zamani juu ya mpaka mpya, na hata kuchora nukta kama za Gillman bila kuchafua vidole kwa wino.

Basi uchague ipi? Jiulize: afisa wa halmashauri pale Nduguti akipokea kazi yako, ataweza kuifungua bila kununua leseni? Ataona namba ilikopatikana? Wilaya ikigawanywa tena, atairekebisha bila kukutafuta? Kama unachora mara moja kwa ajili ya kikao cha kesho, Excel inatosha, mradi uandike chini ya grafu kwamba mpaka ulibadilika. Kama ni tasnifu, au takwimu zitakazoongezwa kila mwaka, nenda R au Python, na QGIS kwa ramani.

Ukitaka mazoezi, ongeza sensa ya 2022. Chora mstari wa Iramba peke yake, halafu mwingine wa Iramba na Mkalama pamoja. Iweke michoro yote miwili ubavuni mwa mwenzake, umwonyeshe mtu asiyejua habari ya 2012, usikilize atakavyoieleza.