Dandora Waliimba, Nani Alilipwa?

Tangu niache kampasi, swali ni lile lile: "Kwani wewe hufanya kazi gani?" Nikisema natengeneza video, mtu anacheka. Wiki mbili baadaye ananitafuta nishuti harusi ya dadake. Malipo? "Utajulikana, bro."

Wasee, hii maneno haikuanza na sisi. Turudi 1997. Vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, wanatoa "Tafsiri Hii". Dandora yenyewe ilianzishwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia: unapewa ploti yenye maji na choo, vyumba ujijengee mdogo mdogo. Halafu jiji likaleta takataka zake hapo kando. Wakati rap nyingi ya redioni ilikuwa ya Marekani, hawa wakashika maiki na Kiswahili cha mtaa, wakaongea maisha ya huku bila kuyapaka rangi.

Ngoma ikaenda kila mahali. Pesa ndiyo haikuifuata.

Enzi hizo ni kaseti. Mmoja ananunua, ploti nzima inarekodi kutoka kwake. Mwenye kibanda anatoa kopi na kuuza. Matatu inajaza watu kwa sababu ya mziki wake (usiniambie hujawahi kuacha gari tupu ukingoje ile yenye ngoma), lakini kwa ile nauli msanii hana sehemu. Sheria ya hakimiliki iliyokuwepo ilikuwa ya 1966. Mpya ilipitishwa 2001, na bodi ya kuisimamia ikaanza kazi 2003. Hesabu mwenyewe: miaka sita ngoma iko mtaani.

Mtasema walipata heshima. Ni kweli, na wakaisambaza: kupitia Ukoo Flani Mau Mau walivuta vijana wengine kwa maiki. Ndiyo maana naumia. Msee amefungulia wenzake mlango, na yeye bado anahesabu kodi.

Na sheria mpya ilileta nini? 2019, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kilitangaza mgao: shilingi 2,530 kwa kila mwanachama. Peleka hiyo kwa landlord wa Dandora uone kama atakuachia ufunguo.

Yule wa harusi nilimtumia bei. Ameisoma, nimeona. Hajajibu.